Kompyuta ya mezani na virusi: je, ununue antivairasi? Mwongozo kamili

Kila nikimaliza kufunga kompyuta ya mezani kwenye duka la steshenari au ofisi ndogo, kabla sijakunja waya zangu nasikia swali lile lile: "Fundi, sasa unatuwekea antivairasi gani?" Nami huuliza: "Diski ya kuhifadhia nakala mnayo?" Mara nyingi hawana. Basi hela waliyotenga kwa antivairasi nawaomba wakanunulie diski.

Kompyuta yenye Windows halali, inayopokea masasisho, ina ulinzi wa virusi ndani yake tangu siku ilipowekwa, na ulinzi huo ni mzuri. Ulinzi wa ziada unahitajika, ndiyo, ila ule unaohitajika zaidi hauuzwi dukani. Unatokana na jinsi kompyuta ilivyopangwa, jinsi flashi za wateja zinavyopokelewa, na mahali nakala za kazi zako zinapolala usiku. Nitapita hatua kwa hatua kwa mpangilio ninaoufuata mimi nikikaa mbele ya mashine ya mtu. Tenga nusu siku. Maneno yanayoonekana kwenye kioo nimeyaacha kwa Kiingereza kama yalivyo, ili usipotee njiani.

Kwanza, mlinzi aliyemo ndani

Antivairasi ya Microsoft Defender imekuwa sehemu ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Miaka ile ya mwanzo ilidharauliwa, na kwa haki, maana kwenye majaribio ilikuwa ikiachwa nyuma na programu za kulipia. Hali imebadilika. Maabara zinazopima programu hizi, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Austria, zimekuwa zikiipa alama nzuri kwa miaka kadhaa sasa, sambamba na zile za kulipia.

Tena fahali wawili hawakai zizi moja. Ukiweka antivairasi nyingine, Defender hujiweka kando na kumwachia mgeni kazi. Hapo ndipo ninapokuta balaa: kompyuta ilinunuliwa ikiwa na antivairasi ya majaribio ya siku thelathini, siku zikaisha, na mwenye mashine kila asubuhi anafunga dirisha la kudai malipo bila kujua kama analindwa au la. Fungua "Windows Security", bofya "Virus & threat protection", utaona jina la programu iliyo zamu. Ikiwa ni ya majaribio iliyokwisha muda, iondoe kabisa, washa mashine upya, kisha hakikisha Defender imerudi kazini.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Programu ya ulinzi hupewa ruhusa ya kuingia mpaka uvunguni mwa mfumo, kwa hiyo ikikosea, huangusha nyumba nzima. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Viwanja vya ndege vilikwama, hospitali zikakwama. Hapakuwa na kirusi hata kimoja. Unapoongeza mlinzi, unaongeza pia mtu mwenye funguo za nyumba yako.

Je, yupo anayepaswa kununua? Yupo. Ofisi yenye kompyuta ishirini, inayotaka mtu mmoja aone kwenye kioo kimoja hali ya zote, inunue huduma ya kibiashara. Vivyo hivyo zahanati, shule na saccos zenye taarifa za watu, hasa kwa vile sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Wewe mwenye kompyuta moja hadi tano, endelea kusoma.

Hatua ya 1: Jua una Windows ipi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kitakuambia.

Ukikuta Windows 7, Microsoft iliacha kuitengenezea viraka, yaani masasisho ya kuziba matundu ya usalama, tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa watumiaji wa kawaida walipewa nafasi ya kujiandikisha ili waendelee kupata viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Mlango wa kujiandikisha unaonekana kwenye "Windows Update" ikiwa toleo lako ni 22H2.

Kwa nini nalianza hili kabla ya antivairasi? Kwa sababu ya kirusi kiitwacho WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili kwenye mtandao. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi hicho kikapita kwenye tundu lile lile. Kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili na kudai kikombozi cha dola 300 kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Hapakuhitajika mtu abofye chochote. Kompyuta moja iliambukiza jirani yake kupitia waya. Waliokuwa wameweka kiraka kile cha Machi hawakuguswa na njia hiyo.

Shida yetu hapa kwetu ni bando. Masasisho yanakula data, hivyo watu wengi huwasha "Metered connection" na kusahau kabisa, au hata kumwomba fundi azime "Windows Update" moja kwa moja. Naelewa, lakini usifanye hivyo. Chagua usiku mmoja kila wiki, nunua bando la usiku, acha kompyuta ifanye kazi yake. Kama una kompyuta kadhaa kwenye waifai moja, nenda "Windows Update", kisha "Advanced options", halafu "Delivery Optimization", na uruhusu kompyuta za mtandao wako wa ndani pekee kugawana masasisho. Sehemu kubwa ya sasisho itapakuliwa na moja, na nyingine zitachota kwa mwenzao.

Kompyuta nyingi tunazonunua Kariakoo au Luthuli Avenue ni mtumba wa maofisi ya Ulaya na Dubai: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na kadhalika. Ni mashine imara, ila nyingi haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane isipokuwa chache sana. Kabla hujalipa, soma namba ya prosesa. i5-4590 ni kizazi cha nne, i5-8500 ni cha nane, i5-10400 ni cha kumi. Muuzaji akikuambia "hii inapiga Windows 11 vizuri tu" na namba inaanza na 4, ujue imewekwa kwa njia ya panya, na hakuna anayekuhakikishia masasisho yake.

Ukiwa tayari unayo mashine ya kizazi cha nne, usiitupe. Weka Linux Mint, mfumo mbadala wa Windows unaopatikana bure. Kwa kuandika barua, kufungua mafaili ya Word kwa LibreOffice na kutumia intaneti inatosha kabisa. Jaribu printa yako kwanza kabla hujafuta Windows, maana baadhi ya printa husumbua huko.

Hatua ya 2: Ondoa kraki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kompyuta zetu nyingi zinapofia.

Mama mmoja mwenye duka la steshenari karibu na chuo aliniita akilalamika kuwa akaunti yake ya Facebook ya biashara imechukuliwa, na antivairasi "haioni kitu". Nilifungua "Virus & threat protection", nikabofya "Manage settings", nikashuka mpaka "Exclusions", nikabofya "Add or remove exclusions". Palikuwa na mstari mmoja tu: C:\. Yaani mtu aliyemwekea Windows ya kraki, iliyoamilishwa kwa wizi bila leseni, alimwambia Defender isikague diski yote ile ambayo Windows yenyewe imo. Mlinzi alikuwa mlangoni amefungwa kitambaa machoni. Mama wa watu alikuwa akifanya kazi hivyo tangu siku aliyonunua mashine.

Hivi ndivyo programu za kuamilisha Windows na Office kwa wizi zinavyofanya kazi. Zinakutaka uzime antivairasi kwanza, zinapewa mamlaka ya msimamizi, kisha zinaingia ndani zaidi ya programu yoyote uliyo nayo. Waandishi wa virusi wanajua kwamba anayetafuta kraki ameshakubali kuzima ulinzi kwa mkono wake, hivyo wanatia sumu kwenye chambo hicho. Virusi vya kudai kikombozi vya jamii ya STOP, vinavyoitwa pia Djvu, vilisambaa miaka na miaka hasa kwa njia hiyo.

Fanya hivi leo: fungua ile orodha ya "Exclusions" na ufute kila usichokitambua. Kisha angalia "Tamper Protection" imewashwa. Hii huzuia programu nyingine zisiizime Defender kimyakimya.

Baada ya hapo, Windows yenyewe. Ikiwa ni ya kraki, ushauri wangu ni kuifuta na kuanza upya, kwa kuwa huna njia ya kujua kilichoachwa humo. Kuna habari njema mbili ambazo watu wengi hawajaambiwa. Ya kwanza, kompyuta ya kampuni inayojulikana iliyotoka kiwandani na Windows 10 au 11 hubeba leseni yake ndani ya madabodi. Ukipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft na kuiweka kwa toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajiamilisha yenyewe ikiingia mtandaoni. Nimeshaona watu wamelipia kraki kwenye mashine yenye leseni yake halali. Ya pili, hata Windows ambayo haijaamilishwa inaendelea kupokea viraka vya usalama. Utaona maandishi pembeni mwa kioo yakikukumbusha uamilishe, na hutaweza kubadilisha mapambo. Kama leo huna hela ya leseni, bora ukae na maandishi hayo huku ukijipanga kuinunua kuliko kukaa na mgeni usiyemjua.

Na Office? LibreOffice ni ya bure na inafungua docx na xlsx. Mteja akileta faili lenye mpangilio mgumu, lifungue kwenye Word ya mtandaoni, ambayo pia ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft.

Hatua ya 3: Washa vilivyozimwa

Ndani ya "Virus & threat protection", chini ya "Manage settings", vitu vitatu lazima viwe vimewashwa: "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection". Kisha rudi nyuma, fungua "App & browser control", bofya "Reputation-based protection settings", uwashe vyote vilivyomo. Sehemu hii huzuia zile programu za takataka zinazoingia pamoja na programu nyingine: vichezeo vya video vyenye matangazo, "visafishaji" vya kompyuta, na jamaa zake.

Kimoja kinachokuja kikiwa kimezimwa ni "Controlled folder access", kilichopo chini ya "Ransomware protection". Ukikiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha mafaili yaliyomo kwenye folda za Documents, Pictures na kadhalika. Nakipenda, lakini nikuonye: siku za kwanza kitazuia hata programu zako halali, mfano ile ya kuhariri picha za pasipoti. Ikitokea, bofya "Allow an app through Controlled folder access" na uiruhusu hiyo moja. Kinafanya kazi pale tu Defender ndiyo iliyo zamu.

Hatua ya 4: Usifanye kazi ukiwa msimamizi

Ni hatua ya dakika kumi, na karibu hakuna anayeifanya. Akaunti ya kwanza unayotengeneza kwenye Windows huwa ya msimamizi, na kirusi kinachoingia kupitia kwako kinakuwa na nafasi ya kupata nguvu zako.

Nenda "Settings", "Accounts", "Other users". Tengeneza akaunti mpya, iite Msimamizi, ipe nenosiri unalolijua wewe peke yako, na kwenye "Change account type" uifanye "Administrator". Toka, ingia kwa akaunti hiyo mpya uhakikishe inafunguka. Kisha igeuze ile ya kila siku iwe "Standard user". Kuanzia hapo, kijana anayekaa dukani akitaka kuweka programu, mashine itadai nenosiri lako. Atakupigia simu. Simu hiyo ndiyo faida yenyewe.

Hatua ya 5: Flashi za watu

Kwenye nchi ambazo mafaili husafiri kwa intaneti tu, somo hili limekwisha. Kwetu halijaisha. Duka la steshenari hupokea flashi za watu siku nzima, za wanafunzi, walimu, watumishi wa serikali za mitaa, na kila moja imepita kwenye mashine nyingine tano kabla ya kufika kwako.

Zamani flashi ilikuwa inajifungua yenyewe ikichomekwa, na kirusi cha Conficker cha mwaka 2008 kilitumia mwanya huo kusambaa. Microsoft iliuziba kwa Windows 7, kisha mwaka 2011 ikauziba kwenye matoleo ya nyuma pia. Tangu hapo virusi vingi vya flashi vinahitaji mkono wako. Vinaficha folda zako halisi na kuweka badala yake vialama vya njia ya mkato vyenye majina yale yale. Mteja anaona "Tasnifu", anabofya, folda inafunguka kama kawaida, na nyuma ya pazia kirusi kimeshaingia. Ndicho kile watu wanachokiita "virusi vya shotikati".

Namna ya kujikinga:

Fungua File Explorer, bofya "View", "Show", kisha uweke tiki kwenye "File name extensions". Sasa utaona herufi za mwisho za jina la kila faili. Barua huishia na docx au pdf, picha huishia na jpg au png. Kitu kinachoitwa Barua.pdf.exe si barua. Zinazoishia na exe, scr, js, vbs au bat kwenye flashi ya mteja usiziguse. Njia ya mkato haionyeshi herufi zake hata hapo, ila ina kimshale kidogo pembeni mwa picha yake. Kwenye flashi, folda yenye kimshale ni ya kuogopwa.

Kabla ya kufungua chochote, bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Scan with Microsoft Defender". Kwenye Windows 11 huenda ukalazimika kubofya "Show more options" kwanza.

Mteja akishaathirika na akadhani kazi yake imepotea, mtulize. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Kagua flashi, ondoa kirusi, kisha fungua Command Prompt na uandike, ukiweka herufi ya flashi mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi kuonekana. Nimeona mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akikaa chini kwa furaha baada ya amri hiyo moja.

Duka lenye wateja wengi lina dawa bora zaidi: tenga kompyuta moja ya zamani, iwekee Linux, na iwe ndiyo mlango wa flashi zote. Virusi vya Windows havina pa kushika humo. Unafungua, unachukua faili la docx au pdf tu, unachapisha hapo hapo au unalipeleka kwenye mashine ya kazi. Zaidi ya hilo, wazoeshe wateja kutuma kwa WhatsApp au barua pepe. Haina usalama kamili, ila inaondoa ule mnyororo wa flashi moja kuambukiza kumi.

Hatua ya 6: Kivinjari, mahali wezi wa leo wanapovulia

Virusi vya siku hizi havipigi kelele. Vinaingia, vinachota manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vile vibali vinavyokufanya usiulizwe nenosiri kila ukifungua Gmail, vinavituma kwa mwizi, na kazi imekwisha kwa dakika chache. Kimoja kinachoitwa Lumma kilikutwa kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows kati ya 16 Machi na 16 Mei 2025, kabla Microsoft na vyombo vya sheria havijavunja sehemu kubwa ya mitambo yake. Antivairasi yoyote, ya bure au ya kulipia, inaweza kuchelewa kwa kirusi kilichotengenezwa asubuhi hii. Kwa hiyo punguza kinachoweza kuibwa.

Usihifadhi nenosiri la benki wala la barua pepe kuu kwenye kivinjari cha kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na mitandao ya kijamii, ikiwezekana kwa programu ya simu badala ya ujumbe mfupi. Weka programu jalizi ya kuzuia matangazo, kwani matangazo ya uongo yanayokuelekeza kwenye "tovuti rasmi" ya kupakulia programu ni mlango mpana sana. Kwenye Firefox tumia uBlock Origin, kwenye Chrome uBlock Origin Lite.

Kisha mfundishe kila anayegusa mashine kuhusu mtego mmoja hasa. Ukurasa unakwambia uthibitishe kuwa wewe ni binadamu, na maelekezo yake ni haya: bonyeza kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa umeshanakili amri ya siri bila wewe kujua, na hatua hizo tatu zinakufanya uiendeshe kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna tovuti halali duniani inayothibitisha binadamu kwa njia hiyo. Ukiona, funga.

Ukitaka wavu mmoja zaidi wa bure, badilisha anwani ya DNS, ile huduma inayoitafutia kompyuta tovuti kwa jina lake, iwe 9.9.9.9 ya Quad9 au 1.1.1.2 ya Cloudflare. Hizi hukataa kufungua tovuti zinazojulikana kusambaza virusi. Kwenye Windows 11 ni "Network & internet", "Ethernet" au "Wi-Fi", kisha "DNS server assignment", "Edit", "Manual".

Hatua ya 7: Nakala isiyounganishwa na kitu

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kiitwacho NotPetya kilianzia Ukraine, kikiwa kimepenyezwa ndani ya masasisho ya programu ya uhasibu ya M.E.Doc. Saa chache baadaye kilikuwa kimeifikia Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake tunayaona Mombasa na Dar es Salaam. Kampuni ililazimika kujenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zilizokuwa na ramani ya mtandao wao wote zilikuwa zikinakiliana, kwa hiyo zilifutika pamoja duniani kote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika ofisini hapo, seva ikawa imezimika wakati kirusi kinapita. Data ile ilikuwa nzito mno kutumwa kwa mtandao, hivyo ikabebwa kwa mkono hadi Nigeria, kisha ikasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, na kutoka hapo kampuni ikaanza kujijenga tena.

Kilichookoa ni kutounganishwa. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta yako mchana na usiku itafungwa na kirusi pamoja na kompyuta. Kwa hiyo nunua diski mbili ndogo badala ya moja kubwa. Ijumaa hii tumia ya kwanza, ijayo tumia ya pili. Chomeka, nakili folda za kazi, chomoa, peleka nyumbani. Nyumbani, si kwenye droo ya duka, kwa sababu mwizi na moto havichagui. Zile folda muhimu sana, kama hesabu za biashara, weka nakala nyingine kwenye Google Drive, inayokupa GB 15 bure. Na mara moja kwa miezi mitatu chukua faili moja kutoka kwenye diski, ulifungue kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee.

Hatua ya 8: Ikishaingia

Chomoa waya wa mtandao au zima waifai kwanza kabisa. Usichomeke diski ya nakala kwa haraka ya kuokoa mafaili.

Fungua "Virus & threat protection", "Scan options", uchague "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Kompyuta itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kazi ya kama dakika 15. Ukitaka jicho la pili, tumia mashine nyingine kupakua Microsoft Safety Scanner, ambayo inaisha nguvu baada ya siku 10 hivyo ipakue upya kila ukiihitaji, au toleo la bure la Malwarebytes. Hizi hukagua unapoziita tu, hazigombani na Defender ukikataa majaribio ya toleo la kulipia.

Kwa kutumia simu yako, badilisha nenosiri la barua pepe, kisha la benki, kisha mengine, na kwenye kila akaunti tafuta sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia. Kubadilisha nenosiri ukiwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa ni kumpa mwizi jipya.

Mafaili yakiwa yamefungwa na wanadai hela, usilipe kwa pupa. Tafuta mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama. Unapakia mfano wa mafaili yaliyofungwa na ile barua ya vitisho, nao wanakuambia kama ufunguo wake umeshapatikana. Kama haujapatikana, weka nakala ya mafaili hayo kando, kwani funguo nyingine hupatikana baada ya muda. Toa taarifa pia: Tanzania kuna TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, Kenya kuna KE-CIRT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa kirusi cha kikombozi au cha kuiba manenosiri mimi sisafishi, naweka Windows upya. Tengeneza flashi ya kuwekea kwenye kompyuta salama kwa kutumia Media Creation Tool ya Microsoft. GB 8 zinatosha. Futa sehemu zote za diski wakati wa kuweka. Mashine ikiamka, sasisha kwanza mpaka liishe sasisho la mwisho, tengeneza zile akaunti mbili, ndipo uchomeke diski ya nakala. Ikague, kisha rudisha nyaraka na picha peke yake. Programu zote pakua upya kutoka kwa wenyewe, na programu ya printa itoe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, hata kama kwenye diski yako ya zamani ipo moja ambayo "ilikuwa inafanya kazi vizuri tu".